Mdomo wa Jumamosi

Tuseme mapema tusipoteze nafasi ya gazeti: siku ile mjinga alikuwa Zephaniah. Mwenyewe hakatai. Ukimkuta Voi ukamuuliza, atakujibu, "Mjinga nilikuwa mimi. Wengine walikuwa watazamaji."

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa samaki kabla hujalisoma, shika hapa. Tulimwacha Zephaniah, Mtaita, milimani kwao Wusi, Jumamosi, harusini, ameshika kipaza sauti. Siku za kazi ni dereva wa gari la mikate la Bwana Nzioka kule Voi. Jumamosi mchana ni mchekeshaji, na Wusi nzima hakuna anayeoa bila kumwita.

Akasema hivi:

"Mkamba akija kwako mara ya kwanza na mkeka, mpe maji. Akija mara ya pili na ngoma, mpe kimanga ale ashibe. Akija mara ya tatu, funga lango la shamba, maana sasa amekuja na hati ya kumiliki. Na ukimkatalia, kesho utaamka unaongea na mbuzi, na mbuzi anakujibu."

Watu wakacheka mpaka nyanyake bwana harusi akaomba maji. Kisha kicheko kikakatika ghafla, kama redio iliyokwisha mawe.

Zephaniah akageuka.

Nyuma yake alisimama Bwana Nzioka, tajiri wake, Mkamba, ana blanketi la zawadi kwapani. Ubavuni mwake alikuwa Mutiso, mwoka mikate, Mkamba pia. Ijumaa Nzioka alikuwa amesema, "Harusi hiyo siji, nina kazi." Kazi, kumbe, iliisha mapema.

Mtu mwerevu angejiangusha akazimia. Zephaniah alikinyanyua kipaza sauti akasema, "Na sasa tumkaribishe tajiri wangu. Amekuja na blanketi."

Naapa hakuwa na nia mbaya. Lakini watu walikuwa bado na mkeka vichwani, na blanketi lilipotajwa, walianguka chini. Waliokuwa wamenyamaza kwa haya wakacheka kuliko wa kwanza.

Nzioka akaweka blanketi lake juu ya meza ya zawadi. Akapewa kipande cha keki, ambayo ilitoka kwenye tanuri lake mwenyewe, akakila chote, akafuta mkono, akashuka mlima na Mutiso. Hakusema neno.

Zephaniah amezoea makelele. Kunyamaza kule ndiko kulikomnyima usingizi mpaka Jumatatu.

*

Jumatatu asubuhi uani kwa bekari, nyuma ya maduka karibu na reli, gari lilikuwa tupu. Mutiso alikuwa amekalia debe, mikono magotini.

"Mutiso, mikate iko wapi?"

"Iko ndani."

"Mbona haitoki?"

"Inangoja dereva."

"Dereva si ni mimi?"

"Ndiyo maana inangoja."

Wakio alikohoa. Wakio ni mama kutoka Mraru anayefunga mikate kwa karatasi, na kikohozi chake mara nyingi ni kicheko kilichokosa njia.

Bwana Nzioka akatoka ofisini. Ni mtu mpana, mwenye sauti ndogo kuliko mwili. Mutiso akasimama.

"Ni yeye au ni mimi," Mutiso akasema. "Leo hii, sio kesho."

Zephaniah alikuwa amejitayarisha. Njia nzima alikuwa akijihubiria kama mgombea wa udiwani. "Tajiri, tuongee kama watu wazima. Jumamosi nilimaliza kazi, shati la kampuni nikalitundika kwenye msumari. Baada ya hapo mimi ni mtu wa nyumbani kwangu. Mdomo wa Jumatatu ni wako, nakubali. Mdomo wa Jumamosi ni wangu."

"Na hicho kipaza sauti," Nzioka akauliza polepole, "kilikuwa kinakula nini?"

"Kinakula?"

"Wusi kuna stima?"

"Hakuna."

"Basi kilikuwa kinakula nini?"

Zephaniah akatazama viatu vyake. "Betri."

"Betri ya nani?"

"Ya gari."

"Gari la nani?"

Gari lenyewe lilikuwa pale pale, Pejo nyeupe, mlangoni limeandikwa kwa rangi nyekundu NZIOKA MKATE SAFI. Siku ya harusi lilikuwa limeegeshwa kando ya msemaji, boneti wazi, waya mbili zimetoka ndani mpaka kwenye spika iliyotundikwa juu ya mti.

"La tajiri," Zephaniah akasema.

"Kwa hivyo nimetukanwa kwa moto wangu mwenyewe."

Wakio akakohoa tena, mara mbili.

"Kama kosa ni betri, nitaipeleka kujazwa moto," Zephaniah akasema. "Lakini kumfukuza mtu kwa sababu ya mzaha, tajiri, hiyo itakuwa habari mpya hapa Voi."

"Mzaha," Mutiso akasema.

Hakupaza sauti. "Ile ya shamba ni mzaha. Hata mimi kidogo nicheke. Ile ya uchawi hapana. Mama yangu alikuwa na shamba kule Mata. Ng'ombe wa jirani akafa, mtu mmoja akasema neno kama hilo lako, tena akicheka. Hatukuvuna mahindi yale. Tulihama na sufuria na kuku, nyumba ikabaki inawaka nyuma yetu. Yule mtu ukimuuliza hata leo, atakuambia alikuwa anafanya mzaha."

Zephaniah hakuwa akijua. Miaka yote wamekunywa chai kutoka birika moja, Mutiso akimwekea mkate wa pembeni ule uliokauka anaoupenda, na hakuwa akijua. Lakini mdomo wake ulikuwa na tabia ya kutangulia.

"Mimi sikumtaja mama yako."

"Haikuhitajika."

Na hapa tusimfiche mtu wetu. Maneno ya uchawi aliyasema ili watu wacheke tu. Maneno ya shamba aliyaamini nusu. Babake aliuza kipande cha chini, kule tambarare, kwa Mkamba kutoka Machakos, na tangu hapo nyumbani kwao kila mvua ikikosekana ni kosa la mnunuzi. Mtoto akilelewa na wimbo huo, akikua ataupigia makofi bila kuuliza nani alitunga.

"Jana kanisani nimeulizwa," Nzioka akasema. "Eti kwa Nzioka ndivyo mnavyosema? Kina mama wa soko wameapa mkate wangu hawautaki. Jina kwenye ule mlango ni la nani, Zephaniah? Lete funguo."

Funguo ndizo kazi. Bila funguo, Zephaniah anahama chumba cha Voi, anampandisha mkewe Priscilla na watoto mpaka Wusi, wote wakaishi kwa babake, mzee ambaye huhesabu hata chumvi inayoingia mchuzini. Atalima. Jumamosi hakuna atakayemwita, maana mchekeshaji aliyefukuzwa kazi hachekeshi, anasikitisha.

Akaingiza mkono mfukoni. Akazitoa. Akanyoosha mkono.

"Mama Nzembi huyo," Wakio akasema akiwa ameinamia karatasi zake. "Anavuka reli."

*

Bwana Nzioka, na unene wote ule, alitoweka. Mutiso akamfuata. Mlango wa mabati wa stoo ya unga ukafungwa kwa ndani, na uani akabaki Zephaniah na mkono wake ulionyooka, anaupa upepo funguo.

Mama Nzembi ni mama mkwe wa Nzioka. Na kwa Wakamba wanaoshika mila, mtu na mama mkwe wake hawatazamani uso kwa uso hivi hivi. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu. Ni heshima na aibu kwa pamoja, wao huiita nthoni, na anayeivunja hutoa mbuzi. Mutiso ni mtoto wa baba mdogo wa Nzioka, kwa hivyo mama mkwe wa mmoja ni wa wote wawili. Tangu Nzioka aoe, watu wa Voi wamejua: mama huyu akipita upande wa juu wa reli, mkwewe ana shughuli upande wa chini.

Akaingia, mfupi, leso mbili, kikapu cha nyanya mkononi. Akakalia kreti ya mikate, mgongo kwa stoo.

"Mkwe wangu yuko?"

"Yuko, lakini hayuko," Wakio akasema.

"Nani atatupelekea maneno?"

"Mimi mikono imejaa, mama. Mpe Zephaniah. Hana kazi, ndio kwanza anafukuzwa."

Mama Nzembi akamtazama Zephaniah kama anayechagua nyanya kwa kuziminya. "Wewe ndiye yule wa Wusi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Haya. Simama hapo mlangoni."

Ona sasa mambo yalipofika. Anayefukuza yuko stoo. Aliyekuja kushtaki, maana nani angetembea asubuhi yote hiyo kwa jambo lingine, amekaa uani. Na mtu pekee anayeruhusiwa kubeba maneno kati yao ni yule yule anayefukuzwa. Mabati ya mlango ule yana matundu ya misumari. Kila neno la uani husikika stoo na la stoo husikika uani. Lakini kimila hakuna aliyesikia kitu mpaka aletewe.

Zephaniah aliliona hilo mara moja. Nimesema alikuwa mjinga, sikusema alikuwa mzito.

"Mwambie mkwe wangu nimesikia habari ya harusi."

Zephaniah akageukia mabati. "Tajiri, mama anakusalimu."

Ndani kitu kikagonga debe.

"Mwambie namsalimu pia," sauti ya Nzioka ikatoka. "Na huyo anayemsemesha nimeshamfukuza."

"Mama, anakusalimu pia. Kuna jambo bado analifikiria."

Uso wa Mama Nzembi haukusogea hata nukta. "Mwambie afikirie haraka. Jua linapanda na mikate ya watu iko ndani."

"Tajiri, mama anasema usiwe na haraka."

Stoo kukawa na mnong'ono.

"Anabadilisha," Mutiso akasema.

"Najua anabadilisha."

"Si useme."

"Nitasemaje, na mimi sijasikia kitu?"

Zephaniah akaanza kuonja utamu. Akasimama wima, mkono mmoja kiunoni, kama balozi aliyetumwa nchi mbili na zote zinamlipa. Na utamu, kama ujuavyo, humlevya mtu mdomo kwanza.

"Mwambie mama," Nzioka akasema, akitafuna kila neno, "Mutiso hawezi kufanya kazi na mtu huyu. Amekataa kabisa."

"Mama, anasema Mutiso ameshasamehe."

"Sijasamehe," sauti ikapasuka stoo.

Jogoo wa jirani akawika akanyamaza, kana kwamba na yeye ana ukwe mahali.

"Ni nani huyo?" Wakio akauliza, macho makavu.

"Ni upepo," Mama Nzembi akasema. "Lakini upepo huo una haki yake. Kijana, beba maneno vile yalivyo. Ukipunja mizani kwangu nitajua, nimekaa sokoni kabla hujajua kuendesha hata baiskeli."

Zephaniah akashusha mkono kutoka kiunoni.

"Sasa hayo ya harusini. Nimeyasikia kwa watu watano, kila mmoja na yake. Nataka ya mwenyewe. Sema yote, na sauti ile ile."

"Mama, yale maneno..."

"Sema."

Akasema. Ya mkeka ikatoka nyembamba. Mama Nzembi akaitikia kwa kichwa. Ya ngoma ikatoka. "Ngoma tulikuja nayo, kweli," mama akasema. "Tungecheza na nini?" Ya mara ya tatu na hati ya kumiliki ikatoka kama mtu anayeng'olewa jino.

Mama Nzembi akacheka. Kicheko kifupi, cha puani.

"Shamba langu nilinunua kwa mtu wa kwenu," akasema. "Na unajua nani alikuja mara tatu? Yeye. Mara ya kwanza nikamwambia sina haja. Ya pili akaleta ndizi. Ya tatu akaleta mkewe anililie. Mimi nilikuwa nimekaa tu nauza nyanya zangu."

Zephaniah akamkumbuka babake mwaka ule wa njaa, akishuka mlima asubuhi na viatu vya kanisani, akirudi jioni, akishuka tena. Hakuna aliyemwambia mzee alikuwa akitafuta nini kule chini. Hakuwahi kuuliza.

"Sasa mkia," mama akasema. "Ule wa mbuzi."

Akafungua mdomo. Watu wa Wusi walioamini kwamba mdomo ule hauna kifuniko wangeshangaa.

"Umekwama?"

"Umekwama, mama."

"Harusini ulipitaje?"

"Kule watu walikuwa wengi. Sikuwa namwona mtu mmoja."

"Na hapa?"

Zephaniah akageukia stoo bila kutumwa na yeyote. "Mutiso. Ule mkia haukuwa na haki ya kusemwa. Habari ya mama yako sikuijua, na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa, maana ningekuuliza siku yoyote tukinywa chai. Nilikuwa nasema mimi tu."

Ndani ya stoo unga ukamwagika mahali polepole.

"Mwambieni nitampakilia mikate," sauti ya Mutiso ikasema. "Chai sitakunywa naye."

"Mpaka lini?" Wakio akauliza.

"Mpaka nione."

"Mama," Zephaniah akasema, na safari hii hakuongeza wala hakupunguza, "anasema atanipakilia mikate, chai hatakunywa na mimi, mpaka aone."

"Hiyo ni bei nzuri," Mama Nzembi akasema. "Ichukue kabla hajapandisha."

*

Ungedhani yameisha. Zephaniah alidhani hivyo, akaanza hata kuangalia tairi za gari. Lakini tajiri akikaa stoo ya unga kwa muda mrefu, akiwasikia watu wengine wakipatana bila yeye, huumuka.

"Mutiso amesema lake," Nzioka akasema. "Bekari ni yangu. Mwambie mama hivi: mtu akinivua nguo mbele ya watu, simlishi. Na Jumamosi hii ameitwa tena Wusi, harusi nyingine. Watakuwa wameketi wanangoja aongeze sehemu ya nne. Apitishe hizo funguo chini ya mlango."

Zephaniah alisimama na funguo. Angeweza kubadilisha. Alikuwa na sentensi nzuri tayari, yenye asali pande zote mbili. Badala yake akambebea mama kila neno, hata la nguo, hata lile la simlishi. Kisha akapiga magoti, akazisukuma funguo chini ya mabati. Zikavutwa ndani.

Wakio hakukohoa.

"Pole," Mama Nzembi akamwambia, kavu. "Sasa, kwa sababu huna kazi, beba maneno yangu. Muulize mkwe wangu: siku ile alikuwa amesimama wapi?"

"Tajiri, mama anauliza ulikuwa umesimama wapi."

"Anajua. Nyuma ya huyo."

"Nyuma yangu, mama."

"Na mdomo wake ulikuwa wapi?"

"Tajiri, mama anauliza mdomo wako ulikuwa wapi."

"Ulikuwa na keki," Wakio akasema.

"Mwambie," Nzioka akasema, "nilinyamaza kwa heshima. Ilikuwa harusi ya watu."

"Mwambie heshima hiyo kumbe ina siku mbili tu za uhai. Mbona haikufika Jumatatu? Mtu amekusema mbele ya watu, na wewe una ulimi, umeumeza na keki. Umengoja mpaka ufike mahali ambapo wewe ndiye mwenye funguo na yeye hana kitu. Hapo ndipo umekuwa simba."

"Tajiri, mama anasema..."

"Peleka yote."

Akayapeleka yote. Hata simba hakumwacha nyuma.

"Mwambie hakuwako," Nzioka akasema, na sauti yake ndogo sasa ilikuwa imekwaruza. "Hajui walivyocheka."

"Mwambie najua vizuri kuliko yeye. Sokoni nimeitwa kila jina. Na Wataita, na watu wa pwani, na Wakamba wenzangu ndio wabaya zaidi, wao wanajua pa kuchoma. Ningekuwa namfukuza kila mteja mwenye mdomo, nyanya zangu ningekuwa nazila mwenyewe. Mimi namjibu hapo hapo, mbele ya wale wale waliocheka, na nyanya namuuzia. Akirudi kesho ameshika adabu kidogo. Sasa huyu akifukuzwa atakwenda wapi? Atapanda Wusi. Huko atasema mimi sisikii, mkwe wangu hasikii, Mutiso hasikii, na kila aliye huko atampa makofi kwa sababu ameonewa. Mimi mwenye kunisema vibaya nataka awe karibu, nimfikie."

"Tajiri," Zephaniah akaanza, akivuta pumzi kwa mzigo huo mrefu, "mama anasema kwamba sokoni..."

Mlango wa mabati ukafunguka kwa kishindo ukagonga ukuta.

Bwana Nzioka alitoka mweupe, unga kichwani, unga kwenye nyusi, funguo mkononi. Nyuma yake Mutiso akajificha uso kwa gunia.

"Mama, mimi ningesema nini?" Nzioka akasema. "Nibishane na dereva wangu kwa kipaza sauti, mbele ya Wusi nzima, niseme nini? Kwamba sikuja na mkeka? Nilikuja na mkeka. Baba yangu aliulalia stesheni hapo, akabeba magunia ya watu mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Hilo shamba wanalolicheka tulilinunua mara mbili, kwa sababu mwenyewe aliliuza mara mbili, na mara ya pili alikuja na chifu. Mimi nimelisha mji huu mkate tangu reli ikiwa na moshi. Watoto wao wameenda shule na mkate wangu mfukoni. Nikiugua, wao ndio wanaokuja kuniona, na nikipona, wao ndio wanaonicheka. Ningeyasema hayo yote harusini, mama? Na nani angenisikia?"

Sauti yake haikuwa ndogo tena. Upande wa pili wa reli watu walisimama na mizigo yao kichwani.

Ndipo kila mtu uani akatambua. Wakio aliweka karatasi chini. Mutiso alitoa kichwa nyuma ya gunia akakirudisha. Zephaniah alijikuta anarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mgongo ukagusa gari. Nzioka alikuwa amemwita mama mara mbili, macho kwa macho, bila mtu wa kati, na aibu iliyolindwa tangu siku ya mahari ilikuwa imelala pale uani kama gunia lililopasuka.

Akatambua na yeye. Akageuza uso, akatafuta pa kuuweka, akakosa.

Mama Nzembi akainuka kwenye kreti. Akafunga leso yake ya pili upya, bila haraka. Akageuka, akamtazama mkwewe kuanzia unga wa kichwani mpaka kwenye ule mkono ulioshika funguo.

"Kumbe mdomo unao," akasema. "Sasa hizo funguo ulizichukua za nini?"